Chakula cha Kuonyesha Wageni

Mlioniuliza wiki nzima kama mama yangu alirudi Kabambare baada ya mume wangu kumfukuza mlangoni, yeye na kikapu chake cha samaki, jibu ni hapana. Bibi Fatuma hafukuziki kirahisi. Alivuka barabara tu, akaenda kukaa kwa mdogo wake, mjomba Asani, upande wa msikiti, akaweka kikapu chini akangoja.

Kwa wanaoanza leo: mimi ni Apolline. Nilizaliwa Kabambare katika nyumba ya Waislamu, nikabatizwa Kasongo ili niolewe na Zéphirin, karani wa teritwari, ofisi ya serikali. Mama yangu hakulitamka jina hilo la ubatizo hata mara moja. Aliniita "mwanangu" akaishia hapo.

Enzi zile za Mbeleji, mume wangu alikuwa anaitafuta karte ya maevoluwe, cheti cha mtu mweusi anayehesabiwa kuishi kizungu. Ili uipate, wazungu walikuja nyumbani kwako wakakagua: mnalala wapi, mnakaaje mezani, watoto wanakula nini. Kwa hiyo Zéphirin alipiga marufuku bugali, sombe ya majani ya mihogo, samaki wa moshi na kila kitu kinacholiwa kwa mkono. Watoto wetu walikuwa wawili: Marie-Thérèse, aliyekuwa anasoma kwa Masista, na Roger, aliyekuwa ameacha ziwa mwaka uliotangulia. Hao walikula mkate na viazi ulaya. Mkate ukiwapo.

"Mutoto hajui kudanganya," Zéphirin alisema. "Muzungu atamuuliza anakulaka nini. Basi tufanye iwe kweli."

Ndivyo akili ya mume wangu ilivyokuwa. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Sasa tuendelee. Asubuhi moja Marie-Thérèse aliniita kutoka mezani.

"Mama, Roger analala na mukate mudomoni."

Nilikwenda kutazama. Kweli, kipande kilikuwa kimekaa shavuni, hakutafuna wala hakutema. Nilijaribu kumvalisha viatu, havikuingia. Nilibonyeza mguu wake kwa kidole, na nilipokitoa kidole shimo likabaki pale pale.

"Baba Marie!" nikaita. "Kuja uone miguu ya mutoto."

Alikuja, tai shingoni, akainama.

"Ni minyoo."

"Ni njaa."

"Njaa? Katika nyumba yangu?" Akanyoosha mkono kuonyesha kabati.

Hilo kabati lilikuwa na mlango wa kioo. Ndani kulikuwa na makopo ya maziwa, ya siagi, ya sardini, ya nyama, na jamu ya chupa, yote yamepangwa picha zikitazama mlango wa nyumba. Hakuna hata moja lililokuwa limefunguliwa. Yalikuwa ya wageni kuyaona.

"Fungua kopo moja la maziwa," nikasema.

"Wanakuja Ijumaa."

"Walisema hivyo Ijumaa iliyopita. Na ile nyingine."

"Bwana wa teritwari alikuwa Salamabila kwa mambo ya mugodi. Ni kosa yangu? Ijumaa hii anakuja. Wakishatoka, Roger atakunywa maziwa mpaka itokee puani."

"Na akifa Alhamisi?"

"Usiseme maneno hayo mbele ya watoto," akasema. Akachukua kofia yake, akaenda kazini.

Nikabaki na kabati. Ufunguo hakuuficha, aliniamini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilichukua kopo la nyama, maana lilikuwa nyuma na nilidhani pengo halitaonekana. Nyumbani nisingethubutu kulifungua, harufu ingemngoja baba yao. Nikalifunga ndani ya kitenge, nikambeba Roger mgongoni, nikamshika Marie-Thérèse mkono, tukavuka kwenda kwa mama.

Nilijiona mjanja. Ujanja wangu ulidumu mpaka mama yangu alipolishika lile kopo mkononi.

"Hii ni nini?"

"Nyama, mama."

"Nyama ya nyama gani?"

Sikuwa na haja ya kumjibu. Kwenye kopo kulikuwa na picha ya nguruwe amevaa kofia, anacheka.

"Mama, mutoto hajala."

"Mujukuu yangu hatakula nguruwe! Hata kama wewe ulibadilisha jina!"

"Tazama kwanza miguu yake!"

Alikuwa ameshatoka uani. Nikasikia kopo likianguka ndani ya choo cha mjomba Asani.

Nilikaa chini nikacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Baba yao anakataza sombe. Bibi yao anakataza kopo. Kila mmoja ana dini yake, ana sababu yake, na mtoto yuko katikati amevimba miguu. Mimi mwenyewe nilikuwa mama wa nani pale? Wa kuagizwa tu na hawa wawili.

Mama alirudi, akanawa mikono, akamfunua Roger. Akaiona ile miguu. Alikwenda jikoni akasonga bugali, akapasha sombe kwa mafuta ya mawese, akamtoa samaki miiba yote. Alimlisha Roger kwa vidole vyake, tonge dogo, akangoja, akampa jingine. Roger alifungua mdomo. Marie-Thérèse alikula mpaka nikamvuta mkono kwenye sahani.

"Mwanangu," mama akasema, "hii njaa si ya leo. Nipe mutoto, niende naye Kabambare. Kule kuko samaki, kuko karanga, kuko watu wa kumubeba."

"Baba yake hatakubali."

"Mimi sikumuuliza baba yake. Ninakuuliza wewe."

"Acha Ijumaa ipite, mama."

Mama akavuta kikapu chake. "Ijumaa," akasema, na akanifungia samaki wengine ambao nilijua siwezi kuingia nao ndani. Niliwaacha kwa jirani yangu Léocadie.

Zéphirin alirudi jioni, akavua kofia, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kabati. Mtu anayelipanga kila Jumapili kwa mikono yake, ningemdanganya vipi?

"Kopo ya nyama iko wapi?"

"Nilimpa Roger."

"Vizuri. Na kopo lenyewe tupu?"

Akapiga magoti mbele ya binti yake.

"Marie-Thérèse, leo mulikula nini?"

Mtoto alinitazama, akamtazama baba yake. Masista walikuwa wamemfundisha kwamba mwongo hapati komunyo.

"Sombe, baba. Na samaki. Bibi Fatuma alitupa nyama ndani ya choo, sababu ni nguruwe."

Nilijiweka tayari kupigwa. Hakunipiga. Alivuta kiti akakaa, akaiangalia mikono yake.

"Apolline, unajua walimupigia baba yangu kiboko wapi?"

Nilijua. Kila mwanamke wa karani anajua hadithi kama hiyo. Lakini alitaka kuisema.

"Mbele ya nyumba yake. Shamba ya pamba waliyomulazimisha kulima ilikuwa na majani. Wakamulaza chini, wakamuvua suruali, mama yangu na mimi tunatazama. Mutu mwenye karte hapigwi, sheria inasema. Sitaki Roger alale chini vile. Nitamunyima sombe, nitajinyima mimi mwenyewe, lakini hatalala chini."

Alikuwa analia. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, yote ya haki, na nilipomwona analia nikayaacha. Nilimpenda na nilitaka kumtikisa, vyote kwa pamoja. Hatimaye alikubali jambo moja tu: kesho yake twende na mtoto kwa Sista wa dispensari.

Huyo Sista alijua Kiswahili vizuri sana, kila wiki alikuwa anatugombeza wanawake kwa Kiswahili. Lakini Zéphirin alimwanza kwa Kifaransa, naye akafurahi akamjibu kwa Kifaransa. Nikabaki nimempakata mtoto, natazama midomo yao.

Sista alimbonyeza Roger mguu. Alivuta nywele zake, ambazo zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu. Kisha akanigeukia mimi, kidole mbele ya pua yangu.

"Wewe mama! Hapana kumupa mutoto mihogo tu! Sikiliza bwana yako. Yeye iko na akili."

"Masœur, mimi si..."

"Sikiliza bwana yako!"

Akamgusa Zéphirin begani kwa kumsifu, akaita mgonjwa mwingine.

Njiani Zéphirin alitangulia. Marie-Thérèse, ambaye Kifaransa kilikuwa kinamwingia kila siku darasani, alinivuta kitenge.

"Mama, baba alisema tunakulaka mayai na maziwa kila asubuhi."

Zéphirin akaongeza mwendo.

"Tena alisema Bibi Fatuma anamupa Roger vitu vya kishenzi kwa kificho, ndiyo vinamugonjesha." Alifikiri kidogo. "Mayai tulikula Pasaka."

Sikumfuata mume wangu kumuuliza. Mtu aliyekwisha kudanganya mbele ya Sista, nyumbani angeniambia nini? Na mimi, nani angenisikiliza? Sista alikuwa ameshaniambia wa kumsikiliza ni nani.

Ijumaa wakaja kweli.

Walikuwa watatu: Bwana wa teritwari, Padri, na mzee Dominique, karani wa posta aliyekuwa na karte tayari na ambaye hakuvua koti hata jua la Kasongo likimchemsha. Nje walimwacha polisi mmoja, Atumani.

Walitazama vitanda. Walitazama choo. Mbele ya kabati walisimama, na Bwana akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuuliza kwa nini kopo la nyama lilikuwa halipo. Zile taabu zote za pengo, naye hakuliona.

"Nyumba ya mufano," mzee Dominique akasema, akakohoa.

Bwana akamwinamia Marie-Thérèse. "Wewe unakulaka nini hapa?"

"Mukate, Bwana. Na viazi."

Nilimsikia Zéphirin akishusha pumzi. Alikuwa amefaulu. Nusura nifurahi naye.

"Na huyu mudogo? Yeye iko na nini?"

Roger alikuwa kitini kwake. Baba yake alikuwa amemvalisha soksi ndefu kuficha miguu, lakini uso nao ulikuwa umevimba tangu alfajiri, na uso hauvalishwi soksi. Padri alipiga goti, akaivuta soksi moja chini. Alama za uzi zilibaki zimezama kwenye nyama ya mtoto.

Bwana akamgeukia mume wangu, akamuuliza kwa Kifaransa, na sauti haikuwa ile ya mbele ya kabati. Zéphirin akaanza kutoka jasho. Alijibu haraka haraka, na katika maneno yake nilisikia "Fatuma". Kisha tena, "Fatuma".

"Wewe mama," Bwana akaniambia kwa Kiswahili. "Ni kweli? Mama yako anamulisha mutoto kwa kificho?"

"Ndiyo, Bwana, lakini..."

"Inatosha."

Ile "lakini" yangu haikupata nafasi. Nilikuwa na mkate usiotosha ndani yake, na makopo, na kiboko cha baba mkwe, na miguu iliyovimba kabla mama yangu hajamlisha hata tonge moja. Nilimwita tena, "Bwana!" Mzee Dominique akanifanyia ishara ya kunyamaza, kwa upole, kama mtu anayenisaidia nisijiaibishe.

Bwana alitoka nje akazungumza na Atumani. Nilimwona Atumani akivuka barabara kuelekea msikitini.

Wageni walipofika njiani nilimshika Zéphirin shati.

"Ulimuambia nini?"

"Kwamba ni mama yako. Ulitaka niseme nini? Niseme ninakosa mukate?"

"Watamufanya nini?"

"Watamurudisha kwake tu! Hana kibali cha kukaa Kasongo. Watamutia katika lori leo hii, Kabambare, basi." Akaokota kofia yake. "Ni vizuri kwake. Ni vizuri kwetu wote." Akavaa kofia akawakimbilia wazungu, kusikia watasema nini juu ya karte yake.

Nilisimama katikati ya nyumba. Kabambare. Samaki, karanga, watu wa kumbeba. Kwa mara ya kwanza tangu masaibu haya yaanze nikapata wazo langu mwenyewe, ambalo hakuna aliyenipa.

Nilimwambia Marie-Thérèse aende kwa Léocadie. Nikamnyakua Roger, nikakimbia.

Lori lilikuwa karibu na soko, injini inanguruma. Mama yangu alikuwa ameketi nyuma kati ya magunia, ukaya kichwani. Dereva alikuwa na askari mmoja mbele. Atumani alisimama chini akilinda.

"Usilie, mwanangu," mama akasema. "Ninaenda kwangu."

"Muchukue, mama."

Atumani akaweka mkono. "Hapana, mama Marie. Mimi sikuambiwa mutoto."

"Ni mujukuu wake. Kaka yangu, tazama miguu yake. Wewe si mutu wa Kabambare?"

Alikuwa mtu wa Kabambare, na mama yangu alikuwa amempa bugali utotoni mwake. Akageuza uso upande mwingine.

Nilimwinua Roger juu ya ubao wa lori. Pamoja na uvimbe wote ule alikuwa mwepesi, nikaogopa. Mama alimkunjia kanga magotini, akamlaza. Hakulia kuachwa. Hakuwa na nguvu ya kulia.

"Kila siku samaki, mama. Na umutoe miiba."

"Wewe nilikulea kwa nini, kwa majani?" akaniambia. Lori likaondoka.

Nasema kweli, nilifurahi. Nililia, lakini nilifurahi. Nilimwona mwanangu kwa akili yangu anakula, anatembea, ananirudia na miguu yake mizuri. Nilijiambia: Zéphirin atanipiga, sawa, anipige.

Ndipo nikamwona mjomba Asani anakuja mbio kutoka upande wa teritwari, kanzu ameikunja mkononi.

"Lori iko wapi?"

"Imetoka, mjomba. Na Roger nimempa mama. Watakula Kabambare."

Alisimama.

"Kabambare gani? Ile inaenda mutoni, wanavuka, wanapanda treni. Nimetoka kumulilia Bwana, amenifukuza. Hawakuandika mambo ya kibali. Wameandika sumu. Dada yangu anaenda gereza ya Kindu, kwa kesi ya kumupa mutoto sumu."

Nilimgeukia Atumani.

"Mimi niliambiwa nimupandishe tu," akasema, na macho yake yalikuwa chini. "Wallahi, mama, sikujua inaenda wapi."

Nikaanza kukimbia. Kukimbia nyuma ya lori! Nilifika mwisho wa soko, vumbi lilikuwa limeshatulia na barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona ya misheni. Asani alinikamata mabega, nikamuuliza, "Gerezani wanawapa watoto nini cha kula?" Nikamuuliza tena. Hakujua, maskini, angejuaje.

Tulikuwa tungali tumesimama pale niliposikia naitwa. Zéphirin alikuwa anakuja mbio, kofia mkononi, na alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu masika.

"Mama Marie! Padri amemusemea Roger! Nilimuambia yote, nilimuambia na mambo ya mukate, sikuweza tena kuficha. Hakukasirika! Anasema mutoto alazwe kwa Masista leo hii, watamupa maziwa kila siku, mayai kila siku, bila kungoja karte." Alitazama mgongo wangu, akatazama mikono yangu. "Roger iko wapi? Masista wanangoja."

Mimi na mjomba Asani tuligeuka kuitazama barabara, mpaka kwenye kona ya misheni lilikopotelea lori.